Mtoto amepataje TB sugu wakati hajawahi kumeza dawa?

Mtoto akigundulika ana kifua kikuu sugu, lawama hufika nyumbani kabla ya dawa. Mama anaulizwa: "Uliruka dozi?" Anaulizwa hata kama mtoto wake hajawahi kumeza kidonge kimoja cha TB. Hapa tunaeleza usugu unatoka wapi, ili wewe mama, bibi au shangazi unayelea mtoto ujue lipi liko mikononi mwako na lipi halikuwa mikononi mwako.

Aliye sugu ni bakteria, si mtoto

Huko mitaani tunasikia kwamba "mwili umezoea dawa". Sivyo. Anayebadilika ni bakteria wa TB. Ndani yake kuna maelekezo ya namna ya kuishi, na kila fungu la maelekezo huitwa jeni. Bakteria anapojigawa kuwa wawili, hunakili maelekezo yote. Bakteria wa TB hujigawa polepole, karibu mara moja kila saa 20, lakini wakiwa mamilioni makosa ya kunakili hayakosekani, kama unavyonakili daftari kwa mkono ukakosea herufi. Makosa mengi hayamsaidii bakteria. Machache huangukia mahali ambapo dawa hufanyia kazi.

Chukua rifampisini, ile inayofanya mkojo wa mtoto uwe na rangi ya machungwa. (Rangi hiyo haina madhara, usisimamishe dawa kwa sababu yake.) Dawa hii hunasa kwenye mtambo mdogo ambao bakteria huutumia kusoma maelekezo yake, ikauziba. Sehemu ya mtambo huo hutengenezwa na jeni iitwayo rpoB. Herufi moja tu ikibadilika kwenye kipande fulani kifupi cha jeni hiyo, umbo la mtambo hubadilika, dawa haishiki tena, na bakteria anaendelea na maisha.

Isoniazidi ina njia nyingine. Inaingia ikiwa imelala, na anayeiamsha ni bakteria mwenyewe, kwa kutumia kitu kinachotokana na jeni ya katG. Jeni hiyo ikiharibika, dawa inafika ndani na kubaki imelala. Majina haya huna haja ya kuyakariri. Lakini ukiyakuta kwenye karatasi ya majibu, ujue yanazungumzia bakteria. Hayana uhusiano wowote na ukoo wenu wala damu ya mtoto.

Kwa nini dawa huchanganywa

Dawa ya kwanza iliyoweza kuua bakteria wa TB, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Ilipojaribiwa Uingereza peke yake, wagonjwa walipata nafuu miezi ya mwanzo, kisha wengi wakabaki na bakteria sugu. Sababu ni ya hesabu. Kwa makadirio, bakteria mmoja kati ya milioni 1 hivi ana kosa linalomkinga na isoniazidi, na mmoja kati ya milioni 100 hivi ana linalomkinga na rifampisini. Pafu la mtu mzima lenye shimo la TB linaweza kubeba bakteria milioni 100 au zaidi. Ukitoa dawa moja, wale wachache wenye kosa wanabaki na kuzaana. Ukitoa zote mbili, wa kuponyoka lazima awe na makosa yote mawili, yaani mmoja kati ya trilioni 100. Huyo ni vigumu kumpata.

Ndiyo maana kuchagua kidonge kimoja na kuacha kingine kwa kuwa ni kichungu, au kugawana dozi na ndugu anayekohoa, ni hatari kuliko inavyoonekana. Ndiyo maana pia, kabla mtoto hajapewa isoniazidi peke yake kama tiba kinga, mhudumu lazima ahakikishe hana TB inayomuumiza tayari.

Sasa mtoto anaupata wapi usugu?

Mtoto mdogo huwa na bakteria wachache sana ukilinganisha na mtu mzima. Kwa hesabu ile ile, ni nadra usugu kuzaliwa ndani yake. Mara nyingi amevuta hewa yenye bakteria ambao tayari ni sugu, kutoka kwa mtu mzima au kijana anayekohoa karibu naye: baba, mjomba, dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha pili. Wala huyo mtu mzima msimhukumu haraka, kwani naye anaweza kuwa aliupokea ukiwa sugu tayari.

Uchache huo wa bakteria una tatizo lake. Mtoto hawezi kukohoa makohozi vizuri, huyameza, na kipimo mara nyingi hakioni kitu hata kama anaumwa kweli. Kituoni wanaweza kukuomba choo kikubwa cha mtoto. Usishangae, makohozi aliyomeza hupitia huko. Mashine ya GeneXpert husoma kile kipande cha rpoB kwa muda usiozidi saa 2. Ile ya kawaida haisomi usugu wa isoniazidi, kwa hiyo "hana usugu wa rifampisini" haimaanishi dawa zote zinafanya kazi. Uliza kama sampuli itapelekwa maabara kubwa.

Pale ambapo kipimo cha mtoto hakionyeshi kitu, daktari huchagua dawa kwa kufuata majibu ya yule aliyemwambukiza. Kwa hiyo nenda na kadi ya TB ya mgonjwa wa nyumbani, au hata picha yake kwenye simu. Sema wazi kama alirudia matibabu, alihamishiwa dawa za TB sugu, au alifariki akiwa kwenye dozi. Najua ni habari ngumu kuzitoa mbele ya watu. Omba kuzungumza na muuguzi pembeni. Tiba kinga ya kawaida haiwezi kumkinga mtoto na bakteria asiyesikia dawa hiyo, na bila kuambiwa, sisi hatuna namna ya kujua.

Mtoto ambaye ameshaanza dawa na baada ya miezi miwili bado haongezeki uzito, bado anakohoa au homa inarudi, mrudishe kituoni kabla ya tarehe yake. Uliza: "Je, usugu umepimwa?"