Kuhara kwa maambukizi

Kuhara kwa maambukizi ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku kutokana na vijidudu vilivyoingia tumboni, aghalabu kupitia maji, chakula au mikono iliyogusa kinyesi. Kwa watoto wachanga, vinavyoongoza kwa usumbufu ni virusi vya rota, vilivyotambuliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, Australia. Bakteria wa Shigella huleta kuhara damu, na Vibrio cholerae huleta kipindupindu. Amiba na Giardia huwa hawana haraka, lakini wakishakaa hukaa.

Vyanzo ni vingi; kifo kwa kawaida huja kwa njia moja, nayo ni kukaukiwa maji. Katika kipindupindu, sumu ya bakteria huzifanya seli za utumbo mwembamba zimwage chumvi, na maji huifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, choo kikifanana na maji yaliyooshewa mchele. Hata hivyo, sumu hiyo haigusi njia inayopitisha sodiamu pamoja na glukosi. Sukari ikiingia huingia na chumvi, na maji hurudi mwilini nyuma yake.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akachanganya chumvi na sukari ndani ya mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wananywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Maarifa hayo yalikuwepo kwa zaidi ya miaka 20 wakimbizi wa Rwanda walipofurika mji wa Goma Julai 1994. Kilichokosekana ni maji salama, wakanywa ya Ziwa Kivu. Karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Matibabu huanza na ORS, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na sukari wa kunywa, ikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kumwagwa baada ya saa 24. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aendelee kijiko kwa kijiko. Kunyonya na kula kusikatizwe. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa ikarudi polepole mno, au mtoto akilegea asiweze kunywa, hapo ni dripu, tena haraka.

Flagyl inayokimbiliwa kila duka la dawa hufaa kwa amiba na Giardia. Kwa virusi haifanyi kitu. Antibaotiki zina nafasi yake katika kuhara damu na kipindupindu kikali, ingawa Shigella wengi wamekuwa sugu kwa dawa za zamani. Vidonge vya kufunga tumbo havipewi watoto. Kuhara kunakofika siku 14 kunahitaji kipimo cha choo na mara nyingi cha VVU pia, kwa kuwa kinga ikishuka, kijidudu kama Cryptosporidium huweza kumkalia mtu kwa miezi.