Jumba la Magwiji wa Mpira wa Kikapu, Springfield

Mpira wa kikapu ni miongoni mwa michezo michache ambayo mwanzilishi wake, mji wake na mwaka wake vinajulikana bila ubishi. Desemba 1891, James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, alitakiwa kubuni mchezo wa kuchezwa ndani majira ya baridi katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alitunga sheria 13, akapewa vikapu viwili vya kubebea matunda, vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi, futi 10 kutoka sakafuni. Kimo hicho hakijabadilika hadi leo. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hiyo kila mpira ulioingia ulifuatwa kwa ngazi.

Ndiyo maana jumba la kuwaenzi magwiji wa mchezo huo liko Springfield, wala si New York au Chicago. Taasisi yenyewe ilianza 1959 ikiwa na jina la Naismith, aliyefariki miaka 20 kabla. Mwaka huohuo ilitangaza kundi la kwanza la watunukiwa, wakiwemo Naismith mwenyewe na George Mikan, mchezaji mrefu aliyetawala ligi ya kulipwa, NBA, ilipokuwa bado changa. Heshima ilitangulia jengo: milango ya makumbusho haikufunguliwa hadi Februari 1968, katika viwanja vya Springfield College, chuo kilekile cha Naismith. Mwaka 1985 jumba lilihamia kando ya Mto Connecticut, na 2002 likapata jengo la sasa lenye kuba la mviringo mfano wa mpira. Chini ya kuba kuna uwanja kamili, na picha za watunukiwa zimepangwa juu yake. Karatasi asilia za sheria 13 haziko humo: ziliuzwa mnadani 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4, na sasa zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Kansas, ambako Naismith alifundisha kwa miaka mingi.

Jumba hupokea wachezaji, makocha, waamuzi na hata timu nzima, kutoka nchi yoyote. Lakini mpangilio wa miaka waliyoingia unaonyesha dhuluma iliyochelewa kurekebishwa. New York Renaissance, timu ya Weusi ya Harlem iliyotwaa ubingwa wa mashindano ya dunia ya kulipwa 1939, ilitunukiwa 1963. Mwasisi wake, Bob Douglas, alisubiri hadi 1972. Mchezaji wa kwanza Mweusi kuchaguliwa alikuwa Bill Russell, 1975. Russell, aliyetwaa mataji 11 ya NBA akiwa na Boston Celtics, alikataa kuhudhuria sherehe. Kwake, wapo Weusi waliostahili kumtangulia. Alikubali pete yake ya utunukiwa 2019, mwaka alipoingia marehemu Chuck Cooper, Mweusi wa kwanza kuteuliwa na timu ya NBA, hapo 1950. Msimamo huo wa miaka 44 ulikuwa wa haki.

Wanawake nao walingoja. Senda Berenson aliuanzisha mchezo kwa wasichana wa Smith College mara tu baada ya Naismith, lakini hakuna mwanamke aliyetunukiwa hadi 1985, yeye akiwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Wachezaji wa kwanza wanawake, Lusia Harris na Nera White, waliingia 1992. Harris ndiye aliyefunga kikapu cha kwanza cha wanawake katika historia ya Olimpiki, Montreal 1976.

Afrika ina sehemu yake. Hakeem Olajuwon wa Lagos alitunukiwa 2008, na Dikembe Mutombo wa Kinshasa 2015. Mutombo alifika Chuo Kikuu cha Georgetown akikusudia kuwa daktari. Baadaye alijenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Katika orodha ya mitupo iliyozuiwa NBA, Olajuwon ni wa kwanza kwa 3,830, Mutombo wa pili kwa 3,289.