Stelingi Hafi, Lakini Adui Ndiye Anayekumbukwa: Rabon Zollo, Ndumilakuwili na Magazeti Yaliyoishia Kufungia Karanga

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, tunarudi nyuma kitambo sana, kabla ya simu janja, kabla hata ya TV kuingia Tanzania Bara. Tunaongelea maadui. Sio maadui wa mtaani, namaanisha wale wabaya wa kwenye hadithi za picha ambao wazee wetu wakiwataja wanatabasamu utadhani wanamtaja mshkaji waliyesoma naye.

Kila aliyekulia kwenye kibanda umiza anaijua sheria: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, gari litalipuka, lakini mwisho atatoka na vumbi kidogo kwenye shati. Sasa kaa na mzee yeyote wa Makambako au Njombe mjini aliyekuwa kijana miaka ya 1970 na alipata bahati ya kusoma, umuulize alikuwa anasoma nini. Wengi watakutajia Spia, yaani Lance Spearman. Ukimuuliza alipigana na nani, hapo ndipo anakaa vizuri kwenye kiti. "Eeh, Zollo! Yule jamaa alikuwa hatari."

Yaani stelingi anatajwa, ila adui anasimuliwa. Kwa nini? Tuichimbe.

ZOLLO ALITOKA WAPI

Lance Spearman alikuwa kwenye gazeti lililoitwa African Film. Halikuwa la kuchorwa. Lilikuwa la picha za kupigwa na kamera, watu halisi wanaigiza, halafu maneno yanawekwa kwenye vile viputo kama kwenye katuni. Yaani movie iliyogandishwa kwenye karatasi. Lilitamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, likasomwa Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda na hapa kwetu.

Mchapishaji alikuwa kampuni ya Drum, ile ile yenye jarida maarufu la Drum lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951. Mwenye mali alikuwa Jim Bailey, Mzungu mtoto wa tajiri wa migodi. Hapo ndipo historia inakuwa tamu na chungu kwa pamoja. Afrika Kusini ilikuwa kwenye ubaguzi wa rangi, Mweusi anatembea na pasi mfukoni ndani ya nchi yake. Lakini kwenye kurasa za African Film, Mweusi anaendesha gari la kifahari, anavaa suti na kofia, anavuta sigara kubwa, anakunywa wiski na anaheshimiwa na polisi. Aliyeigiza Spearman aliitwa Jore Mkwanazi, na kabla ya umaarufu alikuwa mfanyakazi wa ndani na mpiga piano. Leo mfanyakazi wa ndani, kesho kijana wa Lagos na Nairobi anavaa kofia kama yake. Hiyo ndiyo nguvu ya picha.

Spearman alikuwa na timu yake: Kapteni Victor wa polisi, msaidizi wake Sonia, na kijana mdogo aitwaye Lemmy. Upande wa pili walikuwepo majambazi, wanasayansi wendawazimu, na juu yao wote Rabon Zollo.

KWA NINI ADUI ALISHIKA ROHO ZA WATU

Ukiwasikiliza wazee vizuri utaona sababu tatu.

Ya kwanza ni akili. Kwenye dunia ya African Film karibu kila mtu alikuwa Mwafrika: mpelelezi, mkuu wa polisi, mwanasayansi, na adui pia. Sasa fikiria kijana wa 1970, nchi yake ina uhuru wa miaka tisa tu. Movie za nje alizoziona zinamwonyesha Mweusi kama mbeba mizigo au mtu wa kukimbia na mkuki. Halafu anakutana na jambazi Mweusi mwenye mipango mikubwa, anayesumbua polisi wa nchi nzima. Ni mbaya, ndiyo, ila si mjinga. Hata ubaya wenye akili ulikuwa habari mpya kwa msomaji wa wakati ule.

Ya pili ni kurudi. Gazeti likitoka mara kwa mara linahitaji kitu cha kumrudisha msomaji. Ukimuua adui mzuri leo, wiki ijayo unauza nini? Ndiyo maana maadui wa aina ya Zollo wana roho ya paka. Stelingi hafi kwa sababu ndiye stelingi, adui hafi kwa sababu ndiye anayelipa bili. Huo mchezo unachezwa dunia nzima, muulize Joker wa Batman, ambaye alitokea mara ya kwanza mwaka 1940 na mpaka leo wenye kampuni hawathubutu kumzika moja kwa moja.

Ya tatu ni jina lenyewe. Hebu litamke: Rabon Zollo. Halihitaji Kiingereza kujua kwamba huyu si mtu wa kumwachia duka. Na hii ni hoja kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu African Film liliandikwa kwa Kiingereza, na wasomaji wengi wa huku walikuwa na Kiingereza cha kuokoteza. Walifuata picha. Mmoja anayejua anasoma, watano wanamzunguka, anatafsiri na kuongeza chumvi. Kwa hiyo Zollo wa kijiweni Makambako huenda alikuwa mbaya zaidi kuliko Zollo wa kwenye karatasi. Kila kijiwe kilikuwa na Zollo wake.

Na yalifikaje huku? Kumbuka Makambako ni njia panda, barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inaachana hapo na ya kwenda Njombe na Songea. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1970 hadi 1975, reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa kupita hapo. Palikuwa na wageni, madereva, vibarua wenye mshahara. Mtu akishuka na gazeti kwenye basi, akilimaliza anamwachia mwenzake, huyo anakwenda nalo Ilembula, linazunguka kwa wahudumu wa hospitali, kwa walimu, kwa vijana, mpaka linakosa jalada. Gazeti moja, wasomaji kijiji kizima.

KUTOKA ZOLLO HADI NDUMILAKUWILI

Watanzania hawakukaa tu kusubiri hadithi za wengine. Faraji Katalambulla, yule mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alianzisha gazeti la hadithi za picha kwa Kiswahili, Film Tanzania. Sasa mtu alisoma mwenyewe, bila mkalimani wa kijiweni. Kwa upande wa kuchora, kwenye gazeti la Uhuru alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory, mzee wa vituko aliyechekesha nchi tangu miaka ya 1960.

Halafu ikaja Sani. Kwa madogo wa elfu mbili, jina la Sani limetokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Chukua herufi mbili za kwanza za kila mmoja: SA na NI. Humo ndani ndimo walimokaa Kipepe, Madenge, Lodi Lofa, Pimbi, na mbaya wetu wa leo, Ndumilakuwili. Mmoja wa wachoraji waliolijenga gazeti hilo ni Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana wa miaka ya ishirini tu. Umri wangu mimi ninayeandika hapa. Inaumiza.

Sasa angalia tofauti. Zollo ni adui wa kuogopwa, yuko mbali, ana mipango mikubwa. Ndumilakuwili unakaa naye nyumba moja ya kupanga. Jina lake ni la nyoka yule ambaye watu husema ana vichwa viwili, na mtaani ni mtu wa sura mbili: huku anakuchekea, kule anakuuza. Anataka hela ya haraka, demu wa haraka, maisha ya haraka. Hana maabara. Ana mdomo.

Kwa nini adui alibadilika hivyo? Kwa maoni yangu, maisha ndiyo yalibadilika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, miaka ya 1980 ilianza na uhaba wa kila kitu: sukari, sabuni, nguo, mafuta. Watu walipanga foleni dukani tangu alfajiri. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, na neno "mlanguzi" likawa tusi la kila siku. Katika hali hiyo mtu wa kawaida hakuhitaji jambazi wa kutaka kuitawala dunia. Adui yake alikuwa yule anayeficha kiroba cha sukari uvunguni huku anakusalimia "ndugu". Ndumilakuwili alikuwa yule jirani, ila amechorwa ili tumcheke.

Ila kuna kitu hatupendi kukisema. Watu walimcheka Ndumilakuwili na pia walimtamani kidogo. Wakati mwenye kufuata utaratibu analala njaa, mjanja anakula. Lodi Lofa naye ni hivyo hivyo, jina lenyewe ni utani: lodi ni bwana mkubwa, lofa ni asiye na kitu. Nusu ya vijana wa mjini leo tunaishi hapo katikati. Picha ya Instagram ni lodi, mfukoni lofa. Usicheke sana.

NAKALA ZIMEENDA WAPI

Hapa ndipo pananiuma.

Mzee mmoja fundi cherehani pale Makambako, ambaye simtaji jina, aliwahi kuwa na sanduku la bati limejaa African Film na Sani. Amebakiwa na Sani chache, hazina majalada, na gazeti moja la Spearman ambalo kurasa za mwisho zimechanika. Nilimwamkia, tukakaa, akanionyesha. Kisa hicho anakijua kwa kichwa mpaka ukurasa uliochanika, na anaapa kwamba Zollo alitoroka. Nikamuuliza mengine yako wapi. Akanijibu kwa upole tu, "Mwanangu, mama yenu alikuwa anauza karanga."

Ndiyo jibu la nchi nzima hilo. Gazeti likishasomwa linafungia karanga, linafungia maandazi, linabandikwa ukutani kuzuia vumbi la udongo, linawashia moto baridi ya Julai ikibana. Yaliyobaki yakaliwa na mchwa na unyevu. Na baada ya ITV kuanza kurusha matangazo mwaka 1994, hamu ya hadithi za karatasi ikaanza kupungua polepole. Katuni hazikufa hapo hapo, James Gayo na Kingo wake walitamba sana miaka ya 1990, lakini mtoto aliyezaliwa 2000 amekua akiangalia, hajakua akisoma.

Matokeo yake ni kichekesho cha kusikitisha. Ukitaka kusoma uchambuzi wa kina kuhusu Spearman na Film Tanzania, unakutana na Mjerumani, Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz. Ukitaka historia ya katuni za Kiswahili, unakutana na Mjerumani mwingine, Jigal Beez. Siwalaumu, nawashukuru. Walifanya kazi. Lakini Sani zilizoandikwa kwa Kiswahili, zikachekwa kwa Kiswahili, haifai ziwe salama zaidi kwenye kabati la Ulaya kuliko kwa mjukuu wa aliyezinunua. Na huku tuna kiwanda cha karatasi Mgololo, si mbali na Makambako. Karatasi inatengenezwa jirani yetu, kuitunza ndiyo imetushinda.

UKITAKA KUANZA KUKUSANYA

Hauhitaji hela nyingi. Unahitaji heshima na uvumilivu.

Anza nyumbani. Babu, bibi, mjomba, mwalimu mstaafu. Usiende na moto wa "nipe nikauze", nenda umwombe akusimulie kwanza. Mzee akishasimulia, sanduku linafunguka lenyewe. Ukifika Dar, wauza vitabu wa chini pale Posta wanajua vitu, ila ukionyesha hamu sana bei inapanda hapo hapo, na huyo muuzaji naye ni ndumilakuwili wa aina yake.

Ukipata nakala, usiibandike selotepu. Baada ya miaka inageuka njano na kula karatasi. Pini za chuma zikiwa na kutu, zitoe taratibu. Iweke kavu, mbali na jua, isiguse sakafu kwa sababu ya mchwa. Piga picha kila ukurasa kwa simu, hata zile zilizochanika, na uandike pembeni namba ya toleo, mwaka, na ulipoipata. Nusu gazeti ni bora kuliko kumbukumbu tupu, maana huenda nusu nyingine iko kwa mtu Songea anayejiuliza kisa kilianzaje.

Na ukikutana na mzee, usiishie kumuuliza stelingi alifanya nini. Muulize adui. Kwenye adui ndiko kuna hofu zao, ndiko kuna njaa ya mwaka 1983, ndiko kuna ndoto za kijana aliyekuwa anatazama TAZARA ikijengwa. Stelingi wote wanafanana. Adui ndiye anayekuambia watu waliishi wakiogopa nini, na wakitamani nini kimya kimya.

Yule fundi cherehani bado anataka kurasa zake za mwisho. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la bati ambalo halijafunguliwa siku nyingi, lifungue wikiendi hii, kabla mtu hajaanza kuuza karanga.