Ua la Tulipu na Haki ya Nyuki

Washairi wa mwambao hawajapata kulichoka ua. Asumini, waridi, kilua na mkadi yamesifiwa kwa harufu kabla ya kusifiwa kwa sura, na nyuki naye hakukosa nafasi katika tungo, mara mpenzi, mara mwizi wa utamu. Kwetu, kuuliza ua ni la nani ni kuanza fumbo la mapenzi. Lakini katika nchi za baridi swali hilo lina historia ndefu ya kweli, yenye wafalme, walanguzi na wanasayansi ndani yake, na ua linaloibeba historia hiyo kuliko mengine yote ni tulipu.

Tulipu si mzaliwa wa Uholanzi, ingawa picha za kalenda zimetuzoesha kudhani hivyo. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, Tien Shan na Pamir, ambako kipupwe ni kirefu na kikali, majira ya machipuko ni mafupi, na kiangazi hukausha kila kitu. Mmea wa mahali kama hapo hauna budi kujifunza kuficha uhai wake. Tulipu huuficha katika tunguu, lililopangwa tabaka kwa tabaka kama kitunguu maji cha jikoni, likalala ardhini hadi theluji iyeyuke. Hapo hutoa ua kwa haraka, jekundu au la manjano, lililofunguka kama kikombe kuelekea jua. Rangi ile si pambo la bure. Ni mwito kwa wadudu, nyuki wa porini na mbawakawa, waje kuchukua chavua na kuisambaza, kwa kuwa bila wao hapana mbegu. Jioni kikombe hujifunga, na mara nyingine mdudu hulala humo hadi asubuhi.

Binadamu aliyelitoa ua hili porini na kulitia kasrini ni Mturuki. Waturuki waliliita lale, na kwa msomaji anayejua hati ya Kiarabu hapa pana jambo la kutua. Herufi za neno hilo, lamu mbili, alifu na hee, ndizo herufi za jina la Mwenyezi Mungu, na ukizihesabu kwa abjadi hupata 66 kote kuwili. Neno hilali nalo lina herufi zizo hizo. Si ajabu basi kwamba tulipu ilipanda kutoka bustanini ikaingia katika vigae vya misikiti, mavazi na silaha. Mafundi wa Istanbul walikuwa na rai yao kuhusu uzuri: petali ziwe nyembamba na ndefu, zichongoke kama sindano. Katika enzi ya Sultan Ahmed wa Tatu, kati ya 1718 na 1730, mapenzi hayo yalizidi hadi serikali ikalazimika kupanga bei za matunguu, na wanahistoria wa baadaye wakaiita miaka hiyo Enzi ya Tulipu. Ilikwisha kwa uasi wa Patrona Halil. Waziri mkuu aliuawa, Sultani akang'olewa kitini.

Ulaya ilikuwa imeshalipokea ua hilo zamani kabla ya hayo, na ililipokea kwa mdomo. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius ametuachia kisa cha mfanyabiashara wa Antwerp aliyeletewa matunguu pamoja na shehena ya vitambaa kutoka Istanbul mnamo 1562. Bwana yule aliyadhania vitunguu. Akayachoma mengine kwenye makaa, akayala kwa mafuta na siki, na yaliyobaki akayazika katika bustani yake ya kabichi. Clusius mwenyewe alikwenda Leiden mwaka 1593, akapanda matunguu yake katika bustani ya chuo kikuu, na mwaka uliofuata yakachanua. Alikataa kuyauza kwa wepesi, nao wasiokuwa na subira wakayaiba.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana, na pengine kupita kiasi. Kufikia msimu wa baridi wa 1636, katika miji ya Uholanzi, tunguu moja la tulipu adimu liliweza kuuzwa kwa bei ya nyumba. Biashara ilifanyika kabla ya machipuko, mali ikiwa bado imefukiwa ardhini, muuzaji haioni wala mnunuzi haioni, na Waholanzi wenyewe wakaiita biashara ya upepo. Februari 1637 bei zikaporomoka. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika kitabu chake cha 2007, ameonyesha kwamba mkasa huo haukuifilisi nchi kama ilivyodaiwa: walioumia walikuwa wachache, na kilichovunjika zaidi kilikuwa kuaminiana. Mimi navutwa na jambo jingine. Tulipu zilizogombaniwa kwa pesa nyingi zilikuwa zile zenye michirizi, kama ndimi za moto juu ya petali nyeupe. Mwaka 1928 mtafiti wa Uingereza, Dorothy Cayley, alieleza kwamba michirizi ile ni ugonjwa unaoambukizwa kutoka tunguu hadi tunguu, na baadaye ikathibitika kuwa ni kirusi kinachoenezwa na vidukari. Kirusi hicho hudhoofisha mmea kizazi hata kizazi. Watu walikuwa wakinunua maradhi kwa bei ya dhahabu, na mdudu aliyeyaleta alikuwepo bustanini siku zote bila ya kutambuliwa.

Nyuki naye hakutambuliwa, hadi mwaka 1721. Mwaka huo mtunza bustani wa London aitwaye Philip Miller, ambaye punde alikabidhiwa bustani ya dawa ya Chelsea, alipanda tulipu 12 mbali kidogo na nyingine. Zilipofunguka tu, alizikata stameni zote, yaani vile vijiti vya katikati vinavyobeba chavua. Kwa hesabu yake zisingeweza kuzaa. Siku mbili baadaye aliwaona nyuki wakitoka katika tuta la tulipu nzima, miili na miguu imejaa vumbi, wakaingia katika zile alizozihasi. Na zikazaa mbegu. Jambo ambalo kila nyuki alilijua likaanza kuandikwa na binadamu, na ua lililolifichua lilikuwa lile lile ambalo miaka 84 nyuma liliwatia watu wazimu, wakalitazama kwa kila jicho isipokuwa hilo.

Tena hata hapo hawakusikiliza. Christian Konrad Sprengel, mkuu wa shule huko Spandau karibu na Berlin, alitumia miaka mingi akichuchumaa mbele ya maua, na mwaka 1793 akatoa kitabu kilichoeleza kwamba rangi za petali na alama zake ni dalili za njia, zinazomwongoza mdudu kwenye mbochi. Wakubwa wa elimu walikipuuza. Inasemekana aliipenda mimea kuliko darasa, na mwaka 1794 aliiacha kazi yake. Kitabu kilingojea hadi 1841, Charles Darwin alipokisoma na kukitukuza.

Kwa nini walimaji wa maua hawakujali? Nadhani jibu limo katika tunguu lenyewe. Tulipu ikipandwa kwa mbegu huchukua miaka mitano, saba au zaidi kabla ya kuchanua, na mtoto haahidi kufanana na mzazi. Tunguu huzaa matunguu madogo ubavuni, na hayo huwa sura moja na mama. Mfanyabiashara akichagua, hamhitaji nyuki. Katika mashamba ya Uholanzi hadi leo, ua likishachanua na kukaguliwa, mashine hulikata kichwa ili nguvu yote irudi chini kwenye tunguu. Sisi wa visiwani tusiwacheke, maana karafuu yetu huchumwa ikiwa kikonyo hakijafunguka, na iliyowahi kuchanua hushuka thamani. Zafarani ya pilau, ambayo nayo hutoka katika ua la jamii ya krokasi, haizai mbegu kabisa, na kwa maelfu ya miaka imeishi kwa mkono wa mtu peke yake.

Lakini tulipu ilibadilishwa zaidi. Nyingi za bustanini hazina mbochi. Zile za petali rundo, zinazofanana na waridi, stameni zake zimegeuzwa petali, hivyo nyuki akifika hukuta mlango umezibwa na chumba ni kitupu.

Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba katika hifadhi za Ujerumani uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za kuua wadudu zisitumiwe nje ya vibanda vya kuoteshea. Tangu hapo wenye bustani za nyumbani wengi wameanza kuuliza kwa sauti lile swali la Miller, na wanalijibu kwa jembe dogo. Wanaziacha tulipu za petali rundo, wanatafuta zile ndogo za porini zenye kikombe wazi, na pembeni yake krokasi, na muskari yenye vichala vya buluu kama zabibu. Hupandwa vuli, kabla ardhi haijaganda, kwa kina cha mara tatu ya kimo cha tunguu, kwani bila majuma kadhaa ya baridi tulipu haichanui ipasavyo. Ndiyo sababu haitoki Makunduchi wala Wete.

Wenzetu waliohamia London au Amsterdam wanaweza kushuhudia matokeo yake. Mwishoni mwa Februari, siku yenye jua la saa mbili tatu, hutoka udongoni nyuki mkubwa mwenye manyoya. Ni malkia, amelala peke yake tangu vuli, hana mfanyakazi hata mmoja, na ndani yake mna mayai ya ukoo mzima. Shibe aliyobaki nayo ni ya muda mchache. Miti bado mikavu, majani hayajaota, na katika mtaa mzima kilicho wazi ni krokasi tano za zambarau mbele ya nyumba ya mtu. Hutua juu ya moja, ua likainama kwa uzito wake, naye akaingia.