Kila Mkoa na Mfadhili Wake

Mwaka 1972 serikali ya Tanzania ilivunja halmashauri za wilaya na kuwakabidhi kazi ya kupanga maendeleo wakurugenzi wa mikoa na wilaya, watumishi walioteuliwa kutoka juu. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, na waliousanifu kwa sehemu kubwa ni washauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Lawama yake ya kawaida ni kwamba uliwanyang'anya wananchi madiwani wao, nayo ni lawama ya haki. Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Mkoa ulipokuwa ndio ngazi ya kupangia, ukawa pia kitu kinachoweza kukabidhiwa kwa mgeni. Katika miaka michache Tanga ilikuwa mikononi mwa Ujerumani Magharibi, Kigoma kwa Benki ya Dunia, Mtwara na Lindi kwa Finland, Rukwa kwa Norway, Kilimanjaro kwa Japani na Arusha kwa Marekani. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo, pamoja na mema yaliyoletwa nao, uliifanya misaada ya kimataifa iwafikie wananchi kwa bahati ya mahali walipozaliwa, na ukampa mtumishi wa mkoa sababu ya kumtazama mfadhili kabla ya kumtazama mwananchi.

Mwanzo wake ulikuwa wa nia njema. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Ahadi hiyo ilihitaji mpango mkuu wa maji kwa kila mkoa, na wizara haikuwa na wahandisi wala fedha za kuandaa mipango hiyo yote. Njia nyepesi ilikuwa kumpa kila mhisani eneo lake. Wadenmark wakachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma. Waholanzi wakachimba visima vifupi Shinyanga kisha Morogoro. Waswidi baadaye, kuanzia 1985, wakashika Kagera, Mara na Mwanza kwa mradi wa HESAWA uliounganisha maji na afya. Haya yalitokea katika nchi ambayo Azimio lake la Arusha la 1967 lilikuwa limeonya waziwazi juu ya kutegemea zawadi na mikopo ya nje, na ambayo mwaka 1965 iliitaka Ujerumani Magharibi iondoe misaada yake yote baada ya kubanwa kuhusu uhusiano na Ujerumani Mashariki. Miaka kumi haikwisha kabla ya Wajerumani hao hao kukaribishwa kuupanga mkoa mzima. Sioni unafiki hapo. Mwaka 1965 waliombana rais walikuwa na sharti lililoonekana. Masharti ya baadaye yalikuwa ndani ya vifaa, ramani na mishahara ya wataalamu, mahali ambapo hakuna bunge linalochungulia.

Ubaya wenyewe ulionekana kisimani. Finland ilipoanza kujenga huko Mtwara na Lindi mwishoni mwa miaka ya 1970, visima vifupi vilifungwa pampu za mkono za Nira, zilizobuniwa kwao. Shinyanga na Morogoro zilifungwa za Kiholanzi, zikiwamo ile iliyoitwa Kangaroo na ile ya SWN. Pampu ya mkono ni kitu chepesi kuelewa: mpini, fimbo, silinda, na ndani ya silinda kipande cha mpira ambacho hulika kwa mchanga na lazima kibadilishwe. Kipande hicho kikiisha, kisima kizima kimekufa, hata kama maji yamejaa. Na mpira wa Nira haukai kwenye SWN. Fundi aliyefunzwa Masasi, mkoani Mtwara, akihamishiwa Kilosa, mkoani Morogoro, alianza upya, na duka la vipuri la wilaya moja halikuweza kuikopesha nyingine. Maadamu mradi ulikuwapo, vipuri vilifika kwa gari la mradi kutoka stoo ya mradi. Mradi ulipofungwa, stoo ilifungwa nao. Nchi moja iliyokuwa na wizara moja ya maji ilijikuta na mifumo kadhaa ya maji, kila mmoja ukizungumza na mji mkuu wa kwake huko Ulaya.

Wapo watakaojibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Bila Wajerumani, Handeni, mkoani Tanga, isingepata bomba kuu linalotoa maji Mto Pangani, ambalo watu wa huko wamelizoea kwa herufi zake tatu, HTM. Bila Wajapani kusingekuwa na skimu ya mpunga ya Moshi ya chini. Hili nalikubali bila kulipunguza. Baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na vita vya Kagera, hazina ilikuwa haina hata fedha ndogo za kuchangia upande wake. Jibu jingine lina uzito zaidi: kwamba Mtwara, Lindi, Kigoma na Rukwa zilikuwa mikoa iliyosahauliwa, hivyo mgawanyo ulifuata shida. Kwa mikoa hiyo minne, ni kweli. Lakini Kilimanjaro haikuwa mkoa uliosahauliwa; ilikuwa na kahawa, shule na barabara tangu ukoloni, na bado ilipata mhisani tajiri. Kigezo kinachomleta mnyonge na mwenye nacho kwa pamoja si kigezo. Na aliyekosa hakuwa na pa kukata rufaa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyokuwa imevunjwa.

Sheria za serikali za mitaa za 1982 zilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi 1984 zikiwa na viti vya madiwani na masanduku matupu. Wahisani wakashuka kutoka mkoani hadi wilayani, na mtindo ukawa ule ule kwa eneo dogo zaidi. Ripoti ya mwaka 1995 ya jopo la uhusiano wa Tanzania na wahisani wake, lililoongozwa na mwanauchumi Gerald Helleiner, ilisema bila kuficha kwamba wahisani walikuwa wameshika usukani ambao si wao. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2000, uliwaruhusu wanakijiji waibue mradi wao wenyewe, ingawa awamu ya kwanza ilizifikia wilaya 40 tu za Bara, pamoja na Unguja na Pemba. Mabadiliko ya kweli, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka wa fedha 2004/05 na ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa. Fedha za Benki ya Dunia na nchi kadhaa ziliingizwa katika kapu moja, zikagawanywa kwa hesabu: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa umaskini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Sasa mhisani hakujua shilingi yake imejenga darasa la wilaya gani, na diwani wa wilaya isiyo na rafiki ng'ambo aliweza kukaa na kalamu akakokotoa fungu lake.

Utaratibu huu nao ulikuwa na wapinzani, na hawakukosea kote. Kabla ya kupokea, halmashauri ilipaswa kutimiza masharti ya chini ya hesabu, ukaguzi na vikao. Iliyoshindwa ilipewa fedha za kujijengea uwezo tu, na iliyopokea iliweza kuongezwa au kupunguziwa asilimia 20 kwa utendaji wake. Maana yake ni kwamba wilaya ya pembezoni, ambayo mhasibu mzuri hakai, iliadhibiwa kwa kukosa mhasibu. Hata hivyo masharti hayo yaliandikwa, yalipimwa kila mwaka, na aliyeshindwa mwaka huu alijua afanye nini mwakani. Mkoa uliokosa mfadhili mwaka 1975 haukujua lolote la kufanya isipokuwa kungoja.

Ruzuku hiyo ilidhoofika katika miaka ya 2010, ikichelewa au kufika pungufu, na fedha kubwa zikarudi kwenye miradi maalumu. Handeni sasa ni miongoni mwa miji 28 inayojengewa maji kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Maji yanahitajika huko, hakuna ubishi. Madiwani na wabunge, wa miji hiyo na wa ile iliyoachwa, wadai vigezo vilivyotumika kuichagua vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila halmashauri, pamoja na aina ya pampu zitakazofungwa na mahali vipuri vyake vitakapouzwa.