Dhambi Iliyotendwa Kimya Kimya

Fungu letu la asubuhi hii ni Mwanzo 4, mstari wa 1 hadi wa 10, habari za Kaini na Abeli.

Ukisimama ufuoni Usenge na kutazama ziwani, utakiona kisiwa cha Mageta. Wavuvi hutoka huko na mbuta na omena, na watoto huzaliwa na kukua huko kama mahali pengine popote. Lakini katika miaka ya 1950 kisiwa hicho, pamoja na jirani yake Saiyusi, kilikuwa kambi ya wafungwa. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama. Baadhi yao waliletwa huku kwetu, mbali na jamaa zao, mahali ambapo maji yenyewe yalikuwa ukuta.

Nawaomba sasa tuvuke mpaka Ulaya, miaka michache kabla ya hapo. Tarehe 15 Aprili 1945 askari wa Uingereza waliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Walikuta wafungwa wapatao 60,000, wengi wao Wayahudi, na maelfu ya maiti zisizozikwa. Je, Wanazi waliyaanzaje mambo hayo? Hawakuanza na gesi ya sumu. Mwaka 1933 walifungua kambi ya Dachau kwa ajili ya wapinzani wao wa siasa. Mwaka 1935 walitunga sheria ya kuwanyima Wayahudi uraia. Mwezi Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto. Kisha vikaja vita, na Auschwitz, na Wayahudi wapatao milioni 6 wakauawa. Nchi hiyo ilijaa makanisa, na Wakristo wengi waliendelea kwenda ibadani kila Jumapili.

Sisemi kwamba Mageta ilikuwa Auschwitz. Wanazi walikusudia kulifuta taifa zima la Wayahudi, hata mtoto mchanga. Hapa kwetu haikuwa hivyo. Lakini liko jambo moja lililofanana. Mwezi Oktoba 1943, katika mji wa Posen, Heinrich Himmler aliwaambia makamanda wake kwamba habari ya kuwaangamiza Wayahudi hawataisema hadharani kamwe. Na mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni la Kenya, Eric Griffith-Jones, akiandika juu ya kuwapiga wafungwa, alimweleza gavana kwamba kama ni kutenda dhambi, basi waitende kimya kimya.

Kimya kimya! Kaini naye alimpeleka ndugu yake shambani, akidhani shamba halina masikio.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hata kufa. Serikali ilidai kwanza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Uongo huo haukudumu hata miezi mingi. Majalada yaliyochukuliwa Kenya wakati wa uhuru yalifichwa Uingereza karibu miaka 50, nayo yakajulikana mwaka 2011. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa, ikasema inasikitika, ikakubali kuwalipa wazee 5,228.

Wako waliokataa kunyamaza. Mwaka 1953 Kanoni Bewes wa CMS alimpelekea gavana habari za kupigwa kwa watu waliokamatwa, kisha akazisema waziwazi Uingereza. Mmoja wetu alisema. Lakini wangapi walinyamaza?

Na sisi je? Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu wengi wa Kisumu walipigwa risasi na polisi, na damu hiyo yalia hata leo. Lakini katika mji huu huu nyumba na maduka ya Wakikuyu yalichomwa, na wenyewe wakakimbia. Kwingineko jirani aliitwa doadoa, na doa ni kitu cha kufutwa. Yawezekana baadhi ya waliofukuzwa walikuwa watoto wa wale waliofungwa Mageta. Dhambi ya Mwingereza twaitangaza kwa sauti kuu. Hii yetu twaitaja kimya kimya, au hatuitaji kabisa.

Akina baba na akina mama, huenda katika nyumba fulani inayotusikiliza iko cherehani, au kabati, iliyotolewa dukani kwa jirani siku zile. Watoto wameizoea, na hakuna aulizaye ilitoka wapi. Mungu anajua. Zakayo hakusema tu kwamba ameokoka, alirudisha. Nawe, kama unajua jirani huyo alipo, mtafute. Kama huna cha kurudisha, bado una kinywa cha kuomba msamaha.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyesikia sauti ya Abeli, utusamehe tuliyotenda, na tuliyoyaona tukanyamaza. Utupe ujasiri wa kuikiri kweli, na mikono ya kurudisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.