Tangazo la sauti lililo tayari katika simu

Mulongo, kando ya mto Lualaba katika Haut-Lomami, ni mahali ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Dalili zinaweza kuanza saa chache baada ya kuambukizwa. Siku hiyo muuguzi au mchungaji hana nafasi ya kutunga tangazo.

Tunashauri litayarishwe mapema, wakati hakuna mlipuko: sauti ya dakika moja kwa Kiluba, nyingine kwa Kiswahili, kila moja na jambo moja tu. Kwa mfano: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi; mgonjwa anywe huku akipelekwa kituo cha afya. Kurekodi hakuli mega. Sauti ni nyepesi kuliko video, tena humfikia asiyejua kusoma.

Kwenye WhatsApp, tangu 2020, ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi hupelekwa kwa kundi moja tu kwa mara moja. Afadhali kila kiongozi aitunze sauti katika simu yake na kuituma mwenyewe, akiandika chini tarehe na jina la kituo. Matangazo ya zamani yasiyo na tarehe huzunguka tena na kutisha watu bure.